Kinachoizuia Dunia Kulikimbia Jua

Ézéchiel hakuwa na nyumba ya matofali. Hakuwa na diploma hata moja, wala televisheni, wala shamba kule Masisi walikotoka wazazi wake. Lakini kitu alichokikosa kuliko vyote ni imani kwa watu. Alimshuku muuza maji. Alizishuku habari za redio. Hata misumari aliigeuzageuza juani kabla ya kuinunua.

Kazi yake ilikuwa kuchonga chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vinavyoteremsha kabichi na viazi kutoka Kibumba. Alichonga mbele ya nyumba yake, mtaa wa Mapendo mjini Goma, juu ya mawe meusi ya volkeno. Jioni alipumzika na rafiki yake Habarurema.

Habarurema alichaji simu za watu kando ya barabara, na siku nzima alisikiliza sauti zinazotumwa kwa simu. Siku moja alileta habari kwamba mvutano, ile nguvu ya kuvuta vitu wanayofundisha shuleni, ni uongo. Alitoa sumaku ya spika ya redio iliyokufa, akaiburuta juu ya mchanga mweusi wa uani. Alipoiinua, ilikuwa imeota manyoya meusi kama kiwavi.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Dunia ni sumaku, jua ni sumaku. Ndiyo maana sayari hazitawanyiki. Wakubwa wanatuficha, tusije tukaitumia hiyo nguvu."

Akamwachia sumaku, akaenda zake. Ézéchiel, asiyemwamini muuza maji, aliuamini mchanga, kwa sababu aliuona kwa macho yake.

Basi wiki hiyohiyo binti yake Bénita alikuwa amepata nafasi ya kusoma sayansi katika shule moja ya mtaa wa Himbi. Prefe, yaani mkuu wa shule, alitaka barua ya mzazi kabla ya Ijumaa. Bila barua, nafasi angepewa mwingine. Ézéchiel alikataa kuiandika. Alisema hawezi kumpeleka mtoto akajazwe uongo. Bénita alilia, kisha akaacha kula. Mama yake, Léoncie, alimwambia mumewe kwamba siku hizi anachonga mbao huku Habarurema anamchonga yeye.

Jumatano aliingia jirani yao Kahambu, mwalimu wa fizikia katika shule hiyo. Ézéchiel hakumpa kiti. Alimuuliza nani amemtuma, na shule inampa nini kwa kila mtoto anayempeleka. Kahambu akaketi juu ya gogo bila kualikwa.

"Papa Bénita, sikuombi uniamini," alisema. "Naomba hiyo sumaku tu."

Ézéchiel aliileta, lakini hakuitoa mkononi, mwalimu asije akaibadilisha. Kahambu akamwambia aigusishe kwenye msumari. Ikanasa. Aigusishe kwenye ubao. Haikunasa. Aigusishe kwenye kabichi ya Léoncie. Haikunasa.

"Sasa, chukudu inatoka Kibumba imejaa kabichi. Nani anaivuta chini?"

"Inashuka yenyewe."

"Mbao na kabichi, vitu ambavyo sumaku yako imevikataa?"

Ézéchiel akaigusisha tena kwenye kabichi. Kahambu akaeleza kwamba mchanga wa Goma unatoka kwenye volkeno, na una chembe zenye chuma. Sumaku huvuta chembe hizo. Lakini mvutano huvuta kila kitu, kiwe na chuma au kisiwe nacho.

Kisha akamwomba aitie sumaku ndani ya babula, lile jiko la makaa. Ézéchiel aliitia kwa koleo lake mwenyewe, akaingoja iwe nyekundu, akaiacha ipoe. Alipoiburuta tena mchangani, haikuinua kitu.

"Umeiua sumaku ya rafiki yangu," alisema.

"Koleo umelishika wewe, muzee."

Alimweleza kwamba moto mkali huiua sumaku, na jua ni moto kuliko babula zote za Goma. Hakumficha kwamba jua nalo lina nguvu ya sumaku ya namna yake. Ila nguvu hiyo ikifika huku ni dhaifu mno, haiwezi kuishika dunia.

"Kama jua linatuvuta, mbona hatuangukii ndani?"

Kahambu akafunga jiwe kwenye kipande cha mpira wa tairi, akampa alizungushe. Mkono wake ukahisi jiwe likitaka kwenda. Akaambiwa aachilie. Jiwe likaenda moja kwa moja, likagonga bati la jikoni, na Léoncie akauliza kutoka ndani kama sayansi yenyewe ndiyo hiyo.

"Dunia inakimbia kama hilo jiwe," Kahambu alisema. "Mvutano wa jua ndio ule mpira. Unaikunja njia yake kila wakati, kwa hiyo inazunguka."

Ézéchiel akamkazia macho. Alijua sasa amemkamata.

"Jiwe nimelisukuma mimi. Dunia inasukumwa na nani kila siku? Chukudu usipoipiga mguu inasimama."

"Inasimamishwa na nini?"

"Mawe ya njia. Na gurudumu kusugua mti linalozungukia."

"Na ukitia grisi?"

"Inaenda mbali zaidi."

"Huko juu hakuna mawe wala gurudumu, papa."

Ézéchiel akalizungusha gurudumu lililokuwa karibu naye. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama wenye elimu wanajua yote. Kahambu akasema hapana. Kuna nyota za mbali sana ambazo mwendo wake haulingani na hesabu. Wengine wanasema kuna vitu visivyoonekana vinavyozivuta. Wengine wanasema kanuni ya mvutano yenyewe itengenezwe upya. Wote wanatakiwa waonyeshe vipimo.

"Kwa hiyo hata wao wanashukiana."

"Kila siku. Lakini mutu asiyejua hesabu zao hawezi kuwashuku. Anawasikiliza tu."

Neno hilo lilimchoma. Akamwita Bénita, akamwambia alete karatasi na bahasha.

Alikuwa akiandika polepole juu ya meza ya kazi Habarurema alipotokea, akaiona sumaku iliyoungua, akamuuliza kama mwalimu amemnunua.

"Niletee sumaku inayovuta kabichi," Ézéchiel alisema bila kuinua kichwa, "nitakusikiliza tena."

Aliandika kwamba yeye, baba, anakubali binti yake asome sayansi, na anaomba afundishwe pia kupima. Akatia sahihi. Akaifunga bahasha kwa gundi ya tairi, akaibonyeza mpaka ikashika, akamkabidhi Kahambu. Kahambu akaitia ndani ya mkoba, akashika njia ya Himbi.