Mama wa Kwenye Kopo

Stesheni ya Kilosa ilijaa asubuhi hiyo kama siku ya gulio. Garimoshi la Mikumi lilikuwa limechelewa, na abiria walikwisha kupeana habari zote walizokuwa nazo, wakaanza kuzirudia. Kuku walilia matengani, vibarua wa mkonge walilala juu ya mabegi yao, na harufu ya mihogo ya kukaanga ilizunguka kila mahali.

Yudith, binti wa mzee Lazaro, alisimama kando ya ukuta na mizani ya kupimia watoto imening'inia begani mwake kama mkoba. Alikuwa bibi afya, mwaka wake wa kwanza tangu atoke chuoni, na kampeni ya afya ya mwaka huo wa sabini na tatu ilikuwa imemzungusha vijiji vyote. Alivaa gauni la kitenge cha kiwanda cha Urafiki, la samawati lenye maua ya manjano, lililomshika vizuri kiunoni na kushuka chini ya magoti. Alikuwa mnene wa kupendeza, mashavu yamejaa, mikono ya mviringo, kama walivyo mama zake kule milimani Ukaguru. Nyumbani waliona fahari. Chuoni walimtania, naye alicheka pamoja nao, kisha akirudi bwenini hujitazama kiooni kwa muda mrefu. Jambo hilo hakumwambia mtu.

"Samahani, dada. Hiyo mizani inapima nini?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, suruali yake bugaluu ya kahawia, pana miguuni, shati jeupe lenye kola pana kama masikio ya ndovu.

"Watoto," Yudith alijibu bila kuinua macho.

"Basi naomba unipimie mtoto wangu." Akasogeza mbele tenga la vitunguu. "Ndugu Anselmi hapa anasema ni kilo ishirini. Mkono wangu unakataa."

Yudith alitaka kusema kwamba mizani ni ya serikali. Lakini Anselmi, mwenye vitunguu, akacheka kwa dharau. "Mwache binti wa watu. Hata hiyo mizani yake sidhani kama anajua kuisoma."

Yudith aliishusha mizani begani. Aliitundika kwenye ndoano ya taa ya stesheni, akatia kamba kwenye tenga, akangoja mshale utulie.

"Kilo kumi na sita na nusu," alisema. "Na tenga lenyewe halipungui kilo moja."

Watu wakaguna. Anselmi akaanza kuongeza vitunguu, uso umemshuka. Yudith akamgeukia yule kijana, na sauti ikamtoka kabla hajaizuia: "Mtoto wako ana utapiamlo, kaka. Mlete kliniki Jumanne."

Kijana alicheka mpaka akashika ukuta. Jina lake Damiano, mtunza stoo wa hoteli moja ya watalii kule mbugani. Garimoshi lilipofika waliketi dirisha moja, yeye akiwa na vitunguu vyake na Yudith na mizani yake, na kabla ya kufika Mikumi kila mmoja alikwisha kumjua mwenzake hadi majina ya shangazi.

Tangu siku hiyo Jumamosi ikawa siku ya simu. Yudith alipita posta ya Kilosa, akaingia kibandani, na Mwanakheri, mama wa makamo aliyekaa kwenye mitambo akivaa hereni kubwa, akamuunganisha na hoteli. Mwanakheri alikuwa na sikio kubwa kuliko hereni zake.

"Haloo, Bibi Afya wangu."

"Haloo, Bwana Stoo."

"Umekula?"

"Bado. Natoka Magomeni ya hapa Kilosa, nimepima watoto sitini na wawili. Kesho kutwa Msowero, kwa wafugaji, kuwaomba maziwa ya uji."

"Unawalisha watoto wa watu halafu mwenyewe unashinda na njaa. Ngoja, mpenzi, nitakutafutia dawa ya hilo tumbo lako."

"Dawa gani tena?"

"Utaiona."

"Dakika tatu zimekwisha," Mwanakheri aliingilia. "Lakini na mimi nataka kuijua hiyo dawa. Nawaongezea moja."

Dawa ilifika katikati ya Juni. Damiano aliileta mwenyewe, lori la hoteli likimngoja barabarani huku dereva akipiga honi. Lilikuwa kopo kubwa linalong'aa, rangi ya dhahabu na nyekundu, limefungwa kwa utepe.

"Shilingi arobaini na tano," alisema kwa fahari.

"Damiano. Hiyo si bei ya mbuzi?"

"Mbuzi utambeba kwenye mkoba? Sikiliza. Wake wa wazungu pale hotelini wanakunywa kikombe kimoja asubuhi, na chakula hawakigusi mpaka jioni. Mlo mzima umo ndani ya kikombe. Vijiko viwili, maji ya moto, basi. Nimelisoma lote, la Kiingereza hili."

Akamshika mkono, akaukaza kidogo, akakimbilia lori.

Yudith aliketi kitandani na kopo mapajani. Mbele palikuwa na picha ya mwanamke wa kizungu akitabasamu, amejizungushia futi ya fundi cherehani kiunoni. Akasoma. Alisoma polepole, lakini Kiingereza cha chuoni hakikumtupa, akarudia mara ya pili akitumaini kwamba amekosea. Hakukosea. Kinywaji hicho kilitengenezwa kwa ajili ya wanawake wanaotaka kupungua mwili. Kunywa badala ya chakula, maandishi yalisema, na baada ya mwezi mmoja nguo zako zitakupwaya.

Dawa ya hilo tumbo lako.

Hakulia. Alilifunga upya kwa utepe uleule, akatia karatasi yenye mstari mmoja: *Kopo lako nimelisoma, na nimeelewa.* Kesho yake akamkabidhi gadi wa garimoshi alipeleke Mikumi.

Jumamosi hakwenda posta. Ilibidi Mwanakheri amtume mlinzi kumwita, maana Mikumi walipiga mara tatu.

"Yudi, zawadi inarudishwa? Nimekukosea nini?"

"Unajua."

"Sijui. Au kopo ni dogo? Niambie, nitafute kubwa zaidi."

"Unataka kubwa zaidi?" Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini imenyooka. "Hebu niambie kweli, Damiano. Uliponinunulia lile kopo, ulitaka niweje?"

Damiano akafikiri, akajibu kwa moyo wake wote: "Nilitaka uwe kama yule mama wa kwenye kopo."

Hata Mwanakheri alisahau kuhesabu dakika.

"Basi katafute mwingine wa kufanana naye," Yudith alisema. "Mwili huu nimepewa na watu wanaonipenda. Siupunguzi kwa ajili ya mtu."

Akakata.

Kwa mwezi mzima alifanya kazi kama anayefukuzwa. Alipita Malolo, akarudi Msowero, akafundisha uji wa mahindi na karanga zilizosagwa na maziwa mpaka ukawa unamjia ndotoni. Alikula vizuri pia. Alijiwekea sahani kila mchana, akala kwa makusudi, kama mtu anayetia sahihi. Ila moyo wake ulimuuma, na aliposikia honi ya lori alijikuta amesimama.

Mwishoni mwa Julai zamu ya Mikumi ikafika. Akina mama wa kijiji kipya walikusanyika mbele ya ghala, watoto migongoni, na sufuria kubwa ikawekwa mekoni. Kiongozi wao, Domina, mwanamke mwenye sauti ya kutangaza mnada, alimpa mkono.

"Karibu, binti yangu. Lakini nikuonye mapema. Hapa pana mtu ametuvuruga. Anasema liko kopo hotelini linaloushinda uji wako mara kumi. Mke wa Petro mpishi ameuza khanga zake mbili amnunulie mwanawe."

Yudith hakuhitaji kuuliza ni nani. Damiano alikuwa ameketi nyuma kabisa, juu ya kinu kilicholazwa. Alimtazama, akatazama tena. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Ile bugaluu ya kahawia ilifungwa kiunoni kwa kipande cha kamba ya katani.

Akawaachia akina mama kukoroga, akamwendea.

"Umeumwa?"

"Nani, mimi? Mzima kabisa." Alijaribu kucheka. "Uliporudisha lile kopo nikasema, fedha yangu haiwezi kupotea. Nikaanza kulinywa mwenyewe, asubuhi na mchana. Lilipokwisha nikanunua la pili."

"Badala ya chakula?"

"Ndivyo linavyonywewa. Nilitaka ninenepe, nije Kilosa, unione ujue kwamba sikukuletea kitu cha ovyo. Lakini naona mwili wangu unachelewa kukipokea."

Yudith alimkazia macho. "Damiano. Yule mama wa kwenye picha anafanya nini?"

"Si anapimwa na fundi? Gauni jipya. Amenenepa, ya zamani yamembana." Akainamisha kichwa. "Nilikuona unatembea jua lote hujala, nikaogopa utakwisha. Nilitaka na wewe ukapimwe gauni jipya. La harusi, nilifikiri."

Kicheko kilimpanda Yudith, kikakutana njiani na machozi, na kwa dakika nzima hakujua kipi kitoke. Alijishika kifua.

"Anapima alivyopungua," alisema hatimaye. "Ni kinywaji cha kukondesha, mpenzi. Cha watu walioshiba mpaka wakachoka. Kimeandikwa hivyo, mistari mitatu."

Damiano aliitazama kamba ya katani kiunoni, akaishika kama ndiyo kwanza anaiona.

"Nilikwambia nimelisoma," alisema taratibu. "Nilisoma namba tu. Pale stoo nazijua lebo kwa rangi. Hakuna anayejua hivyo, Yudi. Hotelini wote wanadhani Kiingereza nakimudu." Kisha akashtuka. "Basi wewe ulidhani..."

"Nilidhani unanionea aibu."

"Mimi?" Alisema neno hilo kama mtu aliyetajiwa kosa lisilowezekana kutendeka. "Wakati mimi nikishuka nawe stesheni natamani garimoshi zima lishuke lituone?"

Domina akaita kutoka mekoni. "Bibi afya, uji umeiva, na hawa wanataka jibu. Kopo au sufuria?"

Yudith akamtazama Damiano. "Sitakutaja jina. Lakini uongo sitasema, mtoto wa Petro yumo katika jambo hili."

"Usinifiche," Damiano alisema, akasimama akiishikilia suruali yake. "Nimeyasema mbele yao. Nitayaondoa mbele yao."

Yudith alizungumza kwanza. Siku nyingine alisema akitazama sufuria, lakini siku hiyo aliwatazama usoni. Aliwaeleza kwamba ndani ya kopo mna maziwa ya unga, sukari na vitamini. Si sumu, na kwa mtu mnene aliyeambiwa na daktari apungue linaweza kumfaa. "Lakini kopo hilo limepunguzwa nguvu kwa makusudi. Mtoto anayekua mkimpa hilo badala ya chakula, mtamkondesha kwa bei ya mbuzi. Karanga mnazo, mahindi mnayo, maziwa yanapita hapa kila asubuhi. Mtu anayewauzia njaa kwa shilingi arobaini na tano, mwacheni na kopo lake."

Akina mama wakacheka. Hapo Damiano akajitokeza katikati.

"Mama zangu, dada zangu, mnanijua. Nilisema kopo ni bora. Nilisema nimelisoma. Sikulisoma, sijui kulisoma, na ushahidi ni huu." Akaiachia kamba kidogo, suruali ikashuka kiunoni, watu wakapiga makofi kwa vicheko. "Mke wa Petro, khanga zako mbili nitazirudisha mimi. Huyu bibi afya amelisoma neno kwa neno. Mimi nimetembea na watalii wa kila nchi, sijaona mwanamke ninayejivunia kusimama karibu yake kama huyu, na sitaki apungue hata robo kilo. Nataka kutuma mshenga kwa mzee Lazaro, ninyi nyote mkiwa mashahidi wangu."

Vigelegele vikapanda. Domina akanyoosha mkono, vikanyamaza.

"Kijana amesema. Binti hajasema."

Yudith aliona macho yote yakimwelekea, na kwa mara ya kwanza hakutamani kusimama nyuma ya kitu. Alichukua bakuli kubwa, akalijaza uji mpaka ukingoni, akamkabidhi Damiano kwa mikono miwili.

"Mshenga aje," alisema, na hata waliokaa nyuma walimsikia. "Ila mwambie achelewe mwezi mmoja. Mchumba wa hali hii nikimpeleka milimani, mama yangu atasema nimemwokota."