Zamu ya Amoni

Leah alirudi na chai yake akakuta kipande kimoja cha mnara kimehamishwa.

Ni ule mchezo wa mnara wa vipande vya mbao. Unachomoa kipande chini, unakipachika juu, na atakayeuangusha ndiye ameshindwa. Watu huucheza mezani. Leah aliucheza kwenye kompyuta ya ofisi, ndani ya kivinjari, kila mfumo wa forodha ulipokwama. Mchezaji wa pili hakuwepo, ila jina lake lilijiandika lenyewe: Amoni.

Jina hilo halikuwa la ajabu. Amoni alikuwa karani wa ofisi hiyo ya uwakala wa forodha huko Chapwa, karibu na mpaka wa Zambia, na Leah alikuwa msaidizi wake, mpaka siku rundo la mbao lilipomwangukia ghalani akafa. Bosi alisema kubadilisha akaunti kungechelewesha malori. Basi kila asubuhi Leah aliingia kwenye mfumo kwa jina la marehemu na nywila yake.

"Mama Restuta, umegusa kompyuta?"

Restuta, mhudumu wa ofisi, alikuwa anapiga deki. "Mimi nimegusa ndoo tu. Hiyo yako hata kuizima sijui."

Leah akachomoa kipande. Nyuma ya ukuta, ghalani, ubao ulikwaruza ubao.

Akatoa mkono kwenye kipanya. Kipande kingine kikatoka chenyewe, polepole, kikapanda juu. Ghalani kukakwaruza tena. Harufu ya mbao mbichi ikaingia ofisini, na madirisha yalikuwa yamefungwa.

Mumewe, Jastin, alikuwa huko ghalani, akipanga mbao nyekundu zilizovuka kutoka Zambia.

"Mama, kamwite Jastin atoke. Sasa hivi."

Restuta akaenda. Alirudi bila ndoo.

"Yuko juu ya rundo. Anasema karani amemwambia asisogee."

"Karani ni mimi."

"Anasema sauti ya mwanamume, Leah."

Kwenye skrini saa ya zamu yake ilikuwa inahesabu kurudi nyuma: ishirini na tano, ishirini na nne. Leah aliufunga ukurasa, ukajifungua, mnara ukiwa vilevile na sekunde zikiwa zimepungua.

"Tulimzika kwao Itaka," Restuta alinong'ona. "Mchungaji akasali, tukarudisha udongo. Halafu kila asubuhi tunamwita kazini."

Leah alichagua kipande cha katikati, akakivuta, mnara ukaegemea upande wa kushoto na ghalani kitu kizito kikalalama, kisha kipande kikakaa juu, na mnara ukasimama, na jina la Amoni likawaka tena, na kipande cha chini kabisa, kile kilichobeba vyote, kikaanza kutikisika taratibu kikitafuta njia ya kutoka, na hapo akafungua ukurasa wa mfumo, akaingia kwenye mipangilio, akaenda mahali pa kufunga akaunti, huku akijua kwamba malori yote ya siku hiyo yangekwama mpakani na yeye angefukuzwa kazi.

"Kaka Amoni," alisema kwa sauti ya chini, "kazi yako imeisha. Hakuna anayekuita tena. Muache mume wangu, uende."

Akabonyeza.

Mnara ukapotea kwenye skrini. Ghalani rundo likaanguka, na sakafu ya ofisi ikatikisika.

Walikimbia wote wawili. Mlangoni wakamkuta Jastin amesimama, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope, hana hata mchubuko. Leah alimshika uso, mabega, mikono. Mikono ilikuwa ya baridi.

"Uliruka?"

Alimpita, akaingia ofisini, akavuta kiti na kukaa mbele ya kompyuta.

Jastin hakuwa amewahi kushika kompyuta maishani. Hata meseji za simu mkewe ndiye aliyemsomea. Sasa aliandika kwa vidole vyote kumi, macho yakiwa dirishani, kwenye malori. Alikuwa anafungua akaunti mpya, kwa jina la Jastin.

Restuta alikuwa amesharudi kinyumenyume hadi barazani.

"Dada Leah," Jastin alimwambia mkewe bila kugeuka, "leo tuna gari ngapi?"