Samaki Aliyepewa Jina la Mumba

Ubaya ulianza siku samaki walipoacha kugombana.

Walikuwa wanne, ndani ya tangi la kioo lililofunika ukuta mzima wa sebule. Watu wa pwani huwaita vikande. Mzungu mwenye nyumba aliwaita balisti. Askari walipoanza kupora maduka ya Lubumbashi, Mzungu yule alikimbilia Zambia kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa, lakini kabla ya kuondoka alimfundisha karani wake, Symphorien, namna ya kuwatunza. Balisti hawapendani, alisema. Ukiwaweka pamoja, kila mmoja apate shimo lake katika mawe, na chakula kisikose, la sivyo wataumana mpaka abaki mmoja. Kisha akamkabidhi funguo ili amlindie nyumba.

Symphorien alihamia humo kutoka mtaa wa Katuba pamoja na mke wake Perpétue, mjamzito wa miezi ya mwisho, na mama yake mzazi, Mama Constance. Nyumba ilikuwa na ukuta mrefu na geti la chuma, na wakati ule mtu hakuhitaji sababu nyingine. Nje waliisikia milio ya risasi na watu wakiburuta mabati na majokofu barabarani. Ndani waliwasikia balisti. Samaki hao hukoroma na kusaga meno kama mtu mwenye ndoto mbaya, na mchana kutwa walisukumana, wakang'atana mapezi na kufukuzana mashimoni. Perpétue alizoea sauti ile kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Alasiri moja sauti ikakoma. Perpétue, aliyekuwa akichagua mchele, aliinua kichwa. Samaki wote wanne walikuwa wamejipanga bega kwa bega nyuma ya kioo. Macho ya balisti huzunguka kila moja kivyake, kama ya kinyonga. Sasa macho yote yalitazama mahali pamoja, nayo yalitazama tumbo lake.

"Mama," aliita polepole. "Kuya uone. Hii bisamaki inaniangalia."

"Inaangalia mukono yako. Iko na njala kama siye bote."

"Haiangalie mukono, Mama."

Mama Constance alikuja, akatazama, akacheka kidogo. "Basi wacha bakuangalie. Ni ba belo yako, bantu ya bwana yako. Ule mukubwa wa bleu ni Kalaba, bwana yangu. Ule mweusi wa madoa ni Mwansa, dada yake. Ule wa majivu ni Paulin, mwana wangu wa kwanza. Miye njo nilibapatia majina."

Perpétue aliweka ungo chini.

Katika ukoo wa Symphorien wazazi hawamchagulii mtoto jina. Mtoto akizaliwa, kabla hajanyonya kwa mara ya kwanza, mwanamke mzee wa ukoo humsogeza kwenye ziwa la mama yake, akataja majina ya marehemu, moja baada ya jingine. Mtoto hukataa, hulia, hugeuza uso. Jina linalomfanya anyonye ndilo lake, na marehemu huyo amerudi nyumbani. Jina la mtu aliye hai halitajwi, kwa kuwa mwenyewe bado analitumia.

Mama Constance ndiye aliyeyatunza majina hayo. Perpétue alikuwa amepoteza mimba mbili, na majina yalikuwa yanangoja. Mji ulipoanza kuwaka, bibi huyo aliogopa kwamba risasi moja tu ingemchukua yeye na majina yote, naye hakujua kuandika. Kwa hiyo kila alipowatupia samaki dagaa wa kapenta aliwaita kwa majina ya wafu wa nyumba, ili ulimi usisahau.

"Na ule wa ine?" aliuliza Perpétue. Samaki huyo wa nne alikuwa wa kijani kibichi, mwenye mistari ya machungwa iliyopinda kama nyaya. Alisogea mbele ya wenzake.

"Mumba."

Symphorien alikuwa akiingia mlangoni. Alisimama. "Mama. Ulisema jina gani?"

"Nilimuhurumia," alisema mama yake. "Kila mara nikiita benzake, yee njo anakuya wa kwanza. Samaki haiko mutoto, Symphorien. Nilisema, hapo hakuna mubaya."

Mumba alikuwa kaka mkubwa wa baba yake Symphorien. Maji yalimkuta chini ya mgodi akiwa kijana, na mwili haukupatikana. Wazee walisema kilio bila maiti ni kumwita aliye hai afe, basi hakuna aliyekaa kilio, hakuna aliyenyolewa nywele, na jina lake halikutajwa kwa mtoto yeyote. Mtu asiyeliliwa hajafika kwa wafu. Yuko njiani, na aliye njiani huingia penye mlango wazi.

"Sasa iko na mwili," Symphorien alisema kwa sauti ya chini. "Ulimupatia mwili."

Kesho yake Paulin alikuwa vipande. Kichwa kilielea juu, kikiwa bado kinafumba na kufumbua mdomo. Yule wa kijani alikuwa amelala ndani ya shimo la Paulin, ametulia kama mtu aliyejaribu kitanda kipya. Baada yake alikufa Mwansa. Umeme ulikatika, pampu ikanyamaza, maji yakawa mazito na ya rangi ya chai, na harufu iliyotoka humo haikuwa ya samaki wala ya chumvi. Mama Constance aliitambua kabla ya wengine. Ilikuwa harufu ya nguo ambazo mume wake alirudi nazo kutoka chini ya ardhi: udongo uliolowa, chuma na jasho.

Kalaba, yule mkubwa wa buluu, alipigana. Walimsikia mchana mzima akigonga kioo. Mama Constance aliketi mbele yake na kumwita kwa majina yote ya mapenzi aliyomwita mume wake alipokuwa hai, mpaka maji yakawa mekundu na hakukuwa na wa kuitwa.

"Anakula majina," Perpétue alisema. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Munamuona? Mutoto akizaliwa, mutaita nani? Hakuna mwingine anabakia. Atabakia yee peke yake."

Symphorien alisogeza kiti kwenye tangi. Alikunja mkono wa shati, akapanda kiti, akaingiza mkono katika maji yale. Balisti akiogopa huingia shimoni na kusimamisha mwiba wa mgongoni, na hakuna nguvu inayoweza kumtoa bila kulivunja jiwe. Lakini huyu hakuogopa, alikaa mlangoni mwa shimo akiutazama mkono ukishuka, akauacha ushuke mpaka kwenye kiwiko, mpaka begani, mpaka shavu la Symphorien likagusa maji na jicho lake likawa karibu na jicho lile, na hapo ndipo wote watatu walipomsikia akikoroma, si kama samaki, bali kama mtu mzima aliyelala chali mahali pembamba pasipo na hewa. Kisha akauma. Symphorien alianguka kutoka kwenye kiti, na ncha ya kidole chake cha shahada haikuwepo.

Walimwita Edouard, katekista mzee wa parokia, ambaye watu walimfuata pia kwa mambo yasiyosemwa kanisani. Alinyunyiza maji ya baraka, akasoma zaburi, kisha akafunga kitabu na kulisikiliza tangi.

"Huyu haiko shetani wa kufukuza," alisema mwishoni. "Ni mutu wa kwenu. Zamani mulisema hamuna maiti. Ile maiti iko hapa sasa. Mumukalie kilio, mumuzike, mbele Perpétue hajashikwa na uchungu. Akizikwa mapema, atapita. Akichelewa, atakamata mutoto."

"Kumulilia samaki?" Symphorien aliuliza. "Bantu batasema nini?"

"Bantu balishasema mambo mingi mwaka huu. Bataongeza na hii."

Asubuhi walitandika mikeka kwenye barza ya mbele ya nyumba, wakawasha moto uani. Mama Constance akafunga kiuno na kutoa ukelele wa kwanza, na ingawa mji ulikuwa umejaa askari, majirani walikuja, kwa sababu mtu anaweza kukataa harusi lakini hawezi kukataa kilio.

"Nani anakufwa?" alinong'ona mwanamke mmoja.

"Mumba. Mukubwa wa baba Symphorien."

"Mungu wangu. Alikuwa mugonjwa?"

"Alikawia mu njia," alisema Edouard.

Mzee mmoja alitikisa kichwa. "Mu hii nyumba yote ya Muzungu, ni chai tu njo munatupatia? Hata bale soldats benye kupora maduka bakiingia, batarudi na huruma." Watu walicheka kama inavyoruhusiwa kilioni, kisha wakalia kwa kweli, kila mmoja kwa ajili ya mtu wake.

Ndani, Mama Constance alisimama mbele ya tangi na kitenge kipya mikononi. Alishusha mikono yote miwili katika maji. Symphorien alitaka kumzuia, Edouard akamshika.

"Shemeji," alisema yule bibi. "Ni miye, bibi ya Kalaba. Tulikosa. Unasikia benyewe banalia? Banakulilia weye. Toka."

Shimoni kulikuwa kimya. Halafu yule wa kijani akatoka taratibu, kinyumenyume, mwiba umelala, akajilaza ubavu katika viganja vyake kama mtu aliyechoka. Alikuwa mzito kuliko samaki wa ukubwa ule. Alikufa ndani ya kitenge, bila kutapatapa.

Anayepaswa kuzika ni mwanamume wa damu. Symphorien alikificha kifurushi cha kitenge chini ya koti. "Nitapita nyuma ya reli," alimwambia mke wake. "Kule hakuna soldats."

"Rudi mbio."

"Nitarudi mbele mvula."

Lakini mvua ilimtangulia. Ilishuka kwa nguvu ya mvua za kwanza, majirani wakakimbilia makwao, mchana ukawa giza, na Perpétue akashikwa na uchungu. Edouard alibaki kwenye barza na rozari yake. Mama Constance aliyekuwa amezalisha wengi alifunga mlango wa chumba, na mvua ilikuwa bado inapiga mabati mtoto alipotoka: mvulana, mzima, mwenye sauti.

Alimsogeza kwenye ziwa.

"Kalaba," alisema. Mtoto akageuza uso. "Mwansa." Akalia. "Paulin." Akalia zaidi. Bibi aliendelea na majina ya mbali, ya kijijini Mitwaba, ya watu waliokufa kabla reli haijafika, na kila jina likakataliwa. Perpétue alimtazama. Wote wawili walijua jina lililobaki.

"Taja," alisema Perpétue. "Heri tujue."

"Mumba."

Mtoto aligeuza uso na kupiga kelele kuliko mwanzo. Wale wanawake wawili waliangua kicheko, wakashikana mikono, machozi yakiwatoka. "Anapita!" Mama Constance alipaza sauti kuelekea kwenye barza. "Edouard, anapita! Anamukataa!" Nje Edouard alianza wimbo wa shukrani.

Lakini mtoto hakuwa amenyonya, na kilio chake kilianza kupungua nguvu.

"Mutoto atachoka," Perpétue alisema, akijaribu kuinuka. "Symphorien iko wapi? Angalau Symphorien aende kumutafuta masere, ule sista wa dispensaire…"

Mtoto alilikamata ziwa na kunyonya.

Mama Constance alimwondoa kwa upole, akasema "Kalaba," naye akalia. Alisema majina mengine, ovyo, kwa haraka, hata ya watakatifu. Kisha akainama karibu na sikio dogo na kulitaja jina la mwanawe kwa pumzi tu, bila sauti. Mtoto alinyonya kwa bidii, macho yamefumba, kama aliyetoka safari.

"Hapana," alisema Perpétue. "Mama, hapana. Ule iko muzima. Alienda kuzika tu."

Geti likagongwa.

"Ni Symphorien!" Edouard aliita kutoka kwenye barza. "Anarudi! Mungu iko mukubwa!"

"Unaona?" Perpétue alikuwa analia na kucheka. "Mufungulie, Mama. Mufungulie, ananyeshewa."

Mama Constance alichukua funguo, akavuka ua katika mvua. Kati ya nondo za geti alimwona mwanawe, koti lake, kidole chake kilichofungwa kitambaa. Alikuwa ametulia, mikono mitupu. Bibi aliinua ufunguo hadi kwenye kufuli, kisha mkono ukasimama.

"Ulimuzika?" aliuliza.

"Tulimuzika muzuri," alijibu yule mwanamume kwa sauti ya Symphorien, akitabasamu. "Mvula ni mingi. Fungua, shemeji."