Sensa ya Nyuma Haisikiki

Gari lilizama jua likiwa utosini, katika mchanga wa mto mkavu waliouingia ili kukwepa daraja lililovunjika. Magurudumu ya nyuma yalizunguka bure na kujichimbia shimo, huku ya mbele yametulia tuli kana kwamba hayakuwa sehemu ya safari. Mama Gereji akabonyeza kitufe cha gia nzito, ile inayovutisha magurudumu yote manne. Taa ya njano ikapepesa, gia ikagoma.

Balaa halikuishia hapo. Aliposhuka kuweka jeki, mchanga ulititia, mpini ukafyatuka na kumpiga kwenye kifundo cha mkono. Mumewe aliusikia mfupa ukilia. Alikuwa fundi cherehani aliyeshonea nusu ya mji, lakini kwenye magari ujuzi wake ulikuwa kufungua mlango na kufunga mkanda. Alichana shuka, akaufunga mkono ule kwa mbao mbili.

Dumu la maji nalo lilikuwa limepasuka kwa mitikisiko. Ilibaki chupa moja.

"Barabara iko wapi?" mume aliuliza.

"Nyuma ya kilima kile, kisha mwendo mrefu. Kwa miguu, na maji haya, hatufiki."

"Wewe kunywa. Mimi nimeshakunywa."

"Toa ulimi."

Akautoa, mtu mzima na mvi zake.

"Mwongo. Kunywa, mzee, nakuhitaji. Leo wewe ndiye mikono yangu."

Mama Gereji akaunganisha kimashine cha kusomea hitilafu. Kikajibu: sensa ya mwendo ya nyuma haisikiki. Sensa hiyo, kijidude kinachohisi mwendo, hukaa kwenye giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kompyuta isipojua kama gari linakwenda au limesimama, hairuhusu gia nzito iingie.

"Lakini hiyo si uliibadilisha juzi?"

"Niliibadilisha. Basi ama mpya ni mbovu, ama ni waya. Hatubahatishi. Sensa ziko mbili, pacha, ya mbele na ya nyuma. Ng'oa zote, zibadilishane mahali. Ugonjwa ukihamia mbele, sensa ndiyo mbovu. Ukibaki nyuma, ni waya."

Mumewe akachimba kwa sufuria, akajipenyeza chini ya gari kwa mgongo. Ekzosi, bomba la kutolea moshi, ilikuwa bado ya moto na mchanga ulimwingia puani. Spana ilimponyoka mara kwa mara, na kila ilipomponyoka, mkewe alimtukana kwa upendo. Katikati ya kazi gari lilishuka kidogo, chuma kikamgusa kifuani.

"Mzee!"

"Nipo." Sauti ilitoka nyembamba. "Chimba upande wako."

Mama Gereji akapiga magoti, akachimba kwa mkono mmoja huku machozi yakimtoka, mpaka mumewe akapata nafasi ya kuvuta pumzi. Sensa zikabadilishana. Wakasoma tena: nyuma haisikiki.

"Waya," mkewe akasema. "Ufuate kwa vidole kutoka kwenye sensa. Usiache hata inchi."

Aliufuata kama anavyofuata pindo la gauni. Nyuma ya bomba la ekzosi vidole vyake vikakuta kipande cha raba kilichoungua. Kilikuwa kimeusukuma waya ukalala juu ya bomba, ngozi ya waya ikayeyuka. Raba ile ilikuwa imeshonwa ukingoni, na mishono aliijua. Ilikuwa yake.

Akasema ukweli akiwa chini kulekule. Kelele ya bomba gari likitembea ilikuwa ikimkosesha mkewe usingizi kwa mawazo. Kila usiku mkewe alitoka na tochi kutafuta chanzo chake. Basi akaona amfanyie wema wa siri: akashona raba, akaipachika nyuma ya bomba ili linyamaze, mkewe alale.

Juu kikatoka kicheko, kikakatizwa na maumivu, kikarudi.

"Na mimi nikajisifu kwamba kelele nimeiponya! Haya, fundi, unga waya. Maungio yasikae mahali pamoja, yatagusana."

Akakata nyuzi kwa urefu tofauti, akasokota, akazungushia tepu ya umeme, na waya wote akaufunga mbali na ekzosi kwa upindo wa kilemba cha mkewe. Hakuwahi kushona kitu kwa makini namna ile.

Alipotoka, mkewe alikuwa ameegemea gurudumu, uso umepauka, maneno yanamjia kwa shida. Akambeba hadi kwenye kiti cha abiria, akampa maji yote yaliyobaki na safari hii hakubishiwa. Akaketi kwenye usukani, akafuta hitilafu kwenye kimashine, akabonyeza kitufe. Taa ikapepesa, ikafikiri, ikatulia. Chini yao gia ikaingia kwa kishindo.

"Taratibu," mkewe akanong'ona. "Usikanyage kama cherehani."

Magurudumu yote manne yakauma mchanga. Gari likanguruma, likajikokota, likapanda ukingo. Alikwenda akiongea naye njia nzima ili asisinzie, mpaka akaona mahema ya wajenzi wa barabara na tabibu wao akija mbio.

Mama Gereji alizinduka hemani mkono ukiwa umefungwa plasta, mumewe kando yake, kucha zimejaa grisi.

"Nilidhani nimekuua," mume akasema, akalia bila kujificha.

Mkewe akamshika kwa mkono mzima. "Nikikosa usingizi tena, usininyamazishie gari. Amka, ushike tochi, tutafute wote."

"Nitaamka," akasema.