Tarehe Iliyokataa Kufutika

Jumatatu, tarehe 7 Aprili, karani mkuu wa masjala ya hospitali alifungua kompyuta akakuta tarehe ambayo hakuiandika yeye.

Ilikuwa juu ya jedwali lenye majina ya wagonjwa waliongojea upasuaji wa moyo. Kila aliyeligusa alipaswa kuandika, katika kisanduku cha juu, siku na saa alipolibadilisha. Kanuni hiyo aliitunga karani mwenyewe, ndiyo maana wenzake walimwita Bwana Tarehe. Yeye aliandika humo 3 Machi. Sasa palisomeka: 14 Machi, saa sita na dakika ishirini.

Akafuta upesi. Tarehe 14 Machi ndipo alipompandisha dada yake kutoka mstari wa kumi na tisa hadi wa tatu, akamshusha mama mmoja mshonaji mahali pake, kisha akairudisha tarehe nyuma asijulikane. Dada alipasuliwa, akapona. Mshonaji alifariki tarehe 2 Aprili, bado akiwa wa kumi na tisa.

Kesho yake, saa sita na dakika ishirini, mchana mweupe, vitufe vilianza kubonyea vyenyewe.

“Mzee, unanusa?” alinong’ona mpiga chapa, binti aliyefanya kazi meza ya pili.

“Ninuse nini?”

“Kafuri. Kama ya maiti. Na kiti chako, mzee wangu... hujakikalia, mbona kinabonyea?”

Ikawa hivyo kila siku: harufu ikitangulia, kisha baridi ikipanda kutoka sakafuni hadi magotini, kisha pumzi ya mtu aliyechoka kupanda ngazi, ikihema karibu kabisa na sikio la karani, huku tarehe ikijiandika herufi baada ya herufi, polepole, kama inayoandikwa na mtu asiyezoea mashine lakini asiye na haraka tena.

Mganga mkuu wa hospitali hakuamini majini. “Binti, acha mchezo,” alimwambia mpiga chapa, akidhani ndiye anayeichezea tarehe. “Ijumaa ukabidhi funguo.”

“Mzee, nisemee! Wewe unajua mimi jedwali hilo siligusi.”

Bwana Tarehe akavua miwani, akaipangusa.

Ijumaa, tarehe 11, muuguzi mmoja alimleta mjomba wake, mtaalamu wa mambo hayo. Mzee yule alikaa, akasikiliza kile kiti kitupu kwa muda mrefu.

“Marehemu huyu hadai kuku wala ubani,” alisema. “Anauliza tu ni nani aliyeandika siku hiyo. Asipojibiwa, ataondoka na huyu binti.”

Mpiga chapa alikuwa ameshika kifua, midomo imekuwa ya kijivu. Hapo karani alisogea, akaandika kwa mkono wake: 14 Machi, saa sita na dakika ishirini, na mbele yake, jina lake kamili. Akayasoma kwa sauti, watu wote wakisikia.

Pumzi ikakatika. Baridi ikashuka. Mpiga chapa akavuta hewa, akalia, akaukataa mkono ambao karani alimnyooshea.

Habari zilifika nyumbani kwa karani kabla yake. Dada yake alikuwa barazani, anachambua mchele.

“Kaka, mimi nilikuwa wa ngapi?”

Karani ambaye hakuwahi kusahau namba aliangalia viatu vyake.

“Nimekuuliza, kaka.”

“Wa kumi na tisa.”

Dada hakupiga kelele. Aliuvuta mtandio, akalifunika kovu lililochungulia shingoni, akalishikilia hapo kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.