Picha ya Mtawa Mweusi

Gari liliacha barabara kabla Domina hajamaliza kusema kuwa njia anaijua. Liliteleza ubavu juu ya barafu, likavunja uzio wa mbao, likaporomoka bondeni na kutumbukiza pua kijitoni. Maji yakawajaa miguuni. Ama, aliyekaa kando ya Domina, akapiga ukelele mmoja.

Ama ndiye aliyesema wapite barabara kuu ya I-270. Kwa hiyo Domina akapita njia ya mtoni, maana angekubali vipi kuelekezwa na Ama hata barabara za Maryland? Januari ile ya 1999 redio iliwaonya watu wabaki majumbani. Mvua ilikuwa ikiganda ikigusa tu ardhi. Lakini kule Rockville Dada Honorata alikuwa ameshapika pilau ya ukumbi mzima, na pilau ikishaiva, nani kati yetu anaahirisha shughuli?

Shughuli yenyewe ilikuwa maonyesho ya picha za monasteri ya kale katika jangwa la Misri. Domina, muuguzi, aliisoma monasteri hiyo kwa miaka, akitoka zamu na kwenda maktaba, mpaka akazijua kuta zake zote. Kanisa letu lilipopata nafasi ya kumpeleka mtu mmoja, likamchagua Ama, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, eti kwa kuwa anajua kupiga picha. Tangu siku hiyo Domina alimwekea donge. Kila Ama alipoanza "nilipokuwa jangwani," Domina alitamani kumziba mdomo.

"Dada Domina," Ama alisema, "nadhani mguu wangu umevunjika."

"Usi-panic. Nishike shingoni."

Alimburuta hadi chini ya mwamba, akaufunga mguu kwa skafu na mpini wa mwavuli. Wote walikuwa wamelowa chapachapa. Akajaribu kupanda bonde kwa kucha. Kila mara alirudi chini kwa tumbo. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nyuma yake meno ya Ama yalikuwa yakigongana.

"Tuwashe moto," Domina akasema.

"Kwa kuni gani? Kila kijiti kina barafu."

Mkoba wa Ama, na filamu zake zote za Misri, ulikuwa umechukuliwa na maji. Lakini ndani ya buti la gari mlikuwa na mishumaa ya maonyesho, kiberiti, na picha zenyewe katika fremu za mbao, kavu kabisa.

"Choma," Ama akasema. "Choma tu, dada."

Yalikuwepo maboksi matupu ya kuanzia. Lakini mkono wa Domina ukaenda kwenye picha ya Ama akicheka na watawa mlangoni pa monasteri. Akaivunja kwa goti. Ilipowaka alisikia raha, akaona haya, na bado akasikia raha. Zikafuata ngamia, kisima, minara. Ama akanyoosha vidole kwenye moto.

Ikabaki moja, ya mchoro wa ukutani. Watawa walikuwa wameusafisha ukuta wa kanisa lao, wakaondoa moshi wa taa wa karne nyingi, na chini yake akatokea mtawa mweusi, macho makubwa, mkono umeinuliwa kubariki. Katika vitabu vya Domina alikuwa bado doa jeusi. Alikuwa mzuri kuliko Domina alivyomwaza, na machozi yakamtoka. Moto ulikuwa unafifia. Ama alikuwa ameacha kutetemeka, na muuguzi anajua maana yake: baridi imeanza kuua.

"Ama! Usilale. Joho la mtawa huyu lina rangi gani hasa?"

"Ya udongo," Ama alinong'ona. "Wewe ungewauliza watawa jina lake. Mimi sikujua niulize nini."

Maneno hayo yalimuuma kuliko baridi. Akamtia mtawa motoni kwa mikono miwili, akarundika juu yake matawi mabichi ya msonobari. Moshi mzito ukapanda hadi barabarani. Dereva wa lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani akauona, akasimama, na baada ya muda kamba zikashuka.

Maonyesho yalifanyika Jumapili iliyofuata, kuta tupu. Ama alikuwa bado hospitalini, hivyo Domina ndiye aliyesimama mbele, vidole vimefungwa bendeji. Alisimulia habari za yule mtawa mpaka watu wakageuka kumtafuta ukutani. Alipomaliza akauliza nani ana swali.

"Ama anaendeleaje?" akauliza Dada Honorata.

Wivu ukampanda. Akaumeza.

"Hajambo," alisema. "Mguu ukipona anarudi jangwani. Safari hii tunakwenda wote, na nimeshamwambia, mlangoni pa monasteri hanitangulii."