HERUFI TISA ZA BABA MKUBWA KORNEL

"Baba mkubwa, Zita ana simu! Iko kwenye mfuko wa sweta!"

Ukoo mzima ukageuka kuniangalia...

Jamani, nilicheka! Mimi na simu wapi? Simu yangu ndogo ya vitufe niliiweka kwenye tenga pamoja na za wenzangu, kila mtu aliona.

Nikaingiza mkono mfukoni nionyeshe hamna kitu.

Mkono ukagusa simu.

Subirini niwaeleze vizuri.

Kwetu ni Kilema, huku mlimani juu ya Himo. Krismasi Wachagga wote tunarudi nyumbani, mnajua wenyewe. Mwaka ule baba mkubwa Kornel alikuja na tangazo.

"Mwaka huu nampeleka mtoto mmoja chuo cha uuguzi Moshi. Ada yote juu yangu. Ila sipeleki mtu akafeli kwa ajili ya Kiingereza!"

Akasema ataandika herufi tisa kwenye boksi. Atakayepata maneno mengi ya Kiingereza kwa dakika ishirini, ndiye huyo. Simu zote kwenye tenga.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, kazi yangu kukata majani ya ng'ombe. Huo uuguzi niliuota tangu baba anafariki.

Nilifanya mazoezi miezi miwili kwa simu ya mama. Niliweka programu, unaandika herufi, inakuletea maneno yote. Nikajua ujanja: usianze na neno, anza na mkia. Ukiona I, N na G, tenga pembeni. Ukiona E na D, tenga.

Siku yenyewe baridi ilikuwa kali. Mama akanivua khanga mabegani.

"Vaa sweta langu, mwanangu. Utashikaje kalamu unatetemeka?"

Nikavaa. Nilijisikia napendwa, acha tu.

Baba mkubwa akaandika: R, E, S, T, A, I, N, G, D.

Wee! Kalamu ilikimbia yenyewe. Reading. Trading. String. Garden. Danger. Strained. Dakika ya kumi na tano nikapata na lile linalomaliza herufi zote tisa, la jiografia, gradients. Nilitaka kupiga kelele!

Nilipohesabu nilikuwa na maneno sitini na moja. Theodora, binti wa baba mdogo, alikuwa na thelathini na nane.

Na ndiye huyo Theodora aliyesimama kunisema.

Baba mkubwa akachukua ile simu. Ya mama. Akafungua, programu ya maneno hiyo hapo.

"Baba mkubwa, shikamoo... hii ni ya mama! Ameisahau kwenye sweta! Sijaigusa!"

"Na hii programu kaweka nani?"

"Mimi. Ya mazoezi..."

"Basi. Sihitaji kuona zaidi."

Nikamwangalia mama. Analia. Wanawake wamemshika huku na huku.

"Mwanangu, usituaibishe zaidi," akasema. "Kachume sale, umwombe baba mkubwa msamaha. Yaishe."

Kwa asiyejua: sale ni lile jani tunalopanda mpakani na makaburini. Mchagga akikuletea sale, huwezi kumkatalia msamaha. Na likishapokelewa, kesi imekufa. Hakuna kuifufua.

Ila ukilibeba, umekiri.

Mimi kwa ujinga wangu nilitazama machozi ya mama tu. Nikachuma. Nikapiga magoti. Nikaomba msamaha wa kosa nisilolijua!

Theodora akaenda chuo. Mimi nikarudi kwa ng'ombe.

Miaka mitatu sikumsalimia. Alipomaliza chuo, nyumbani wakachinja mbuzi, mimi nikasema naumwa tumbo. Nilimchukia hadi nikaona aibu kwenda kukomunika kanisani.

Krismasi iliyopita akanifuata mferejini nikichota maji.

"Zita, hata salamu?"

"Uliniharibia maisha, unataka salamu?"

Akashusha pumzi.

"Dada, mimi ningejuaje una simu? Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa uwanja."

"Ulijuaje sasa?"

"Aliniambia mama yako."

Ndoo ikaniponyoka.

"Alipita akigawa mbege, ile pombe ya ndizi, akaninong'oneza. Akasema mpekueni Zita mfuko wa sweta, amenichukulia simu. Akasema yeye ni mzazi, hawezi kusimama kumsema mwanawe. Nikajua ni kweli! Mzazi atasingizia mtoto wake?"

Sikujua nimefikaje nyumbani. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori.

"Mama. Ile simu uliisahau kwenye sweta, au uliiweka?"

Kisu kikasimama. Hakuuliza simu gani.

"Kaka zako wawili wameondoka," akasema taratibu. "Wanakuja Krismasi kama wageni, wanapiga picha na mgomba, wanarudi Dar. Na wewe uende? Mimi nibaki naongea na ng'ombe?"

"Ungeniambia tu!"

"Ungekaa?"

Nikakosa jibu.

Akanyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba. Akarudi na sale. Mama yangu mzazi akapiga magoti mbele yangu kwenye vumbi...

Ningefanyaje? Nikalipokea.

Akafuta machozi, akarudi kwenye kigoda, akashika kisu.

"Haya, kalete majani. Ng'ombe wanalia."

Yaani kwake yameisha hivyo!

"Mama," nikasema, "sale linanilazimisha kusamehe. Halinilazimishi kubaki."

Siku ya pili nikashuka na Theodora. Ndiye anayeishi nami Rau, pale Moshi, hadi leo, chumba kimoja, na ndiye aliyenitafutia nafasi chuoni. Mtu niliyemchukia miaka mitatu! Nilimwomba radhi nikalia kama mtoto.

Baba mkubwa sikumwambia chochote. Sale lilishapita, nyumbani hakuna anayeruhusiwa kuifufua ile kesi. Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Kwenye ukoo mimi bado ni mwizi wa mtihani.

Mama ananipigia kila Jumapili baada ya misa. Hazungumzii yaliyopita. Anauliza swali moja tu.

"Unakuja lini?"

"Krismasi, mama."

Anakata simu.

Wazazi mnaosoma hapa, nawaomba. Ukiogopa kuachwa peke yako, mwambie mwanao kwa mdomo wako, usimtegee mtego. Siku ile nilikosa jibu la swali lake. Leo ninalo: angeniambia ukweli, ningebaki.